Aliyekaa Sakafuni

Kwanza niseme wazi: mimi ni mtu wa pupa. Mama yangu alizoea kusema kwamba nilizaliwa mkunga akiwa bado njiani. Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba asubuhi ile ya Agosti, mwaka tisini na saba, nilimnyanyua bibi wa watu kutoka sakafuni kabla sijamuuliza anafanya nini pale.

Kazi yangu Toronto ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Nilikuwa na cheti cha miezi sita, nimekitundika katika chumba tulichopanga chini ya nyumba ya watu, huko Mount Dennis, juu kabisa ya kitanda cha binti yangu ili kila akiamka akione. Katika mafunzo yale walitufundisha jambo moja mpaka likatuganda kichwani. Ukimkuta mzee sakafuni, ameanguka. Usimwinue, piga simu. Siku ile nilimwinua kwanza, kisha nikapiga simu.

Bibi mwenyewe alikuwa mjane wa Kiyahudi aliyepita miaka themanini, akiishi peke yake ghorofa ya nne katika Barabara ya Bathurst. Nilikuwa nikimhudumia tangu Mei. Kila asubuhi nikifungua mlango ninamkuta kwenye kiti chake, nywele zimechanwa, rangi ya mdomo imepakwa, na malalamiko yake yamepangwa foleni: basi langu limechelewa, chai ya jana ilikuwa maji matupu, jirani wa juu anatembea kama ng'ombe. Tulipendana upesi kwa sababu sote wawili tulipenda ubishi.

Asubuhi ile mapazia yalikuwa yamefungwa na taa zimezimwa. Nilimwamkia, hakuitikia. Nikasogea, nikamwona yuko chini kando ya sofa, nywele timutimu, mdomo mkavu, miguuni ana ndara za kitambaa, na kijitabu kimelala mapajani. Nilipiga yowe, nikamshika makwapani, nikamvuta juu, naye akawa ananisukuma na kusema nimwache. Nikajua basi, kichwa kimegonga meza, akili zimeruka. Nikamweka sofani, nikakimbilia simu.

Walikuja watu watatu wa zimamoto, maana kule ndio wanaotangulia kufika hata kwa mgonjwa, na mabuti yao makubwa ya ngozi, wakajaa sebuleni. Majirani walifungua milango kutazama. Mmoja wa wale wa zimamoto, kijana mpole, alichutama mbele ya bibi akamuuliza, kama wanavyouliza wote kupima akili, kama anajua leo ni siku gani.

"Ni siku ya tisa ya mwezi wa Av," bibi alijibu.

Kijana alinitazama, akatikisa kichwa polepole, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Bibi aliona. Alijikaza, akaketi wima sofani kama mtu anayepigwa picha.

"Na mwandike na hili," alisema. "Sikuanguka. Nimekaa."

Walipoondoka, alishuka tena sakafuni, taratibu, akishika mguu wa meza. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba na aibu yangu. Akaniambia kwamba kama ninataka kubaki nikae, lakini nikae chini kama yeye. Nikakaa. Nikamuuliza kuna msiba gani, nani amekufa.

"Nyumba ya Mungu imechomwa moto," alisema. "Siku kama ya leo."

Nikadhani ni sinagogi la barabara ya juu. Nikapigwa na butwaa, maana nilikuwa nimepita pale na basi dakika chache tu zilizopita na sikuona moshi. Nikamuuliza limechomwa lini, jana usiku?

"Zaidi ya miaka elfu moja na mia tisa," alisema. "Na ile ya kwanza, kabla ya hiyo, iliteketezwa siku hiyo hiyo, ya tisa ya Av, kwa kalenda yetu."

Nilimkodolea macho nione kama ananitania. Hakuwa akinitania. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelala njaa na kuamka na njaa, hakuoga, hakusalimu mtu, kwa ajili ya lile Hekalu lao la kale nililolisikia mara ya mwisho katika mafundisho ya Jumapili, nikiwa na miaka tisa na kusinzia. Nilishtuka kiasi kwamba nilisahau kwamba nilikuwa kazini. Kwetu pia tunakaa chini. Vinatolewa viti, inatandikwa mikeka, watu wanakaa na wafiwa. Lakini tunakaa kwa ajili ya mtu, mtu mwenye jina na mwili na siku aliyokufa, na siku zikitimia mikeka inakunjwa kila mmoja anarudi kwake. Hawa walikuwa wameitandika mikeka yao karne kumi na tisa na hawajaikunja.

Nami hata siku moja sikuwahi kumkalia mama yangu.

Hapo lazima nieleze. Mama yangu aliuawa Burundi mwaka tisini na tatu, katika mauaji yaliyofuata kifo cha rais. Mimi nilikuwa Bujumbura, ninafua mashuka ya hospitali. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa, na binti yangu wa miaka sita nilimwacha milimani kwa mama yangu, asome darasa la kwanza huko huko. Barabara zilipofungwa nilibaki upande huu, wao upande ule. Miezi minne baadaye nilimkuta binti yangu kambini, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Mwanamke aliyembeba alikuwa jirani wa mbali. Aliniambia mama hayupo, nyumba imeungua, siku haijui, maana mtoto alimwokota njiani akitembea peke yake. Kisha akaniambia, "Mtoto hakuona kitu." Nililidaka neno lile kwa mikono miwili. Nikamshika binti yangu mabega nikamwambia, "Hayo yameisha. Tusiyaseme tena." Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto msikivu, nami nilijisifia usikivu wake kwa watu.

Basi sikuwa na mwili, sikuwa na kaburi, sikuwa na siku. Ningekaa vipi? Ningewaita watu waje kukaa nami tarehe ngapi? Kanisani kwetu, katika ukumbi wa kukodi ambamo Warundi na Wakongo tulisali Jumapili mchana, niliwahi kumgusia shemasi mmoja. Aliniambia, "Mama, ile mambo ya kule tumwachie Mungu. Hapa tumekuja kuanza upya, sivyo?" Nami nikanyamaza, kwa sababu kwenye benchi moja na mimi walikaa watu wa upande wa pili. Utataka kujua upande wa pili wa nani, na mimi ni kabila gani. Sisemi. Anayelitaka sana jibu hilo ndiye aliyetufikisha pale.

Haya yote sikumwambia bibi siku ile. Nilimwambia tu kwamba mama yangu aliuawa na siijui siku. Halafu akaniambia jambo lililonishtua kuliko Hekalu lenyewe. Alisema wazee wao wa zamani walikaa wakajiuliza kwa nini Nyumba ile ilianguka, na hawakujibu kwamba ni kwa sababu adui alikuwa na nguvu. Walijibu kwamba ni kwa sababu wao wenyewe walichukiana bure. "Chuki ya bure," alisema, "wala sio ya Warumi walioichoma. Ya kwetu, nyumba kwa nyumba."

Nilihisi hasira kabisa, nisikufiche. Nilitaka kumwambia kwamba waliomuua mama yangu wanajulikana ni watu wa aina gani. Lakini nilikumbuka jikoni mwetu zamani, mimi na mama tukichagua mchele na kucheka pua za majirani wa kilima cha pili, na namna walivyokula. Tulicheka sana. Nilikaa sakafuni mwa bibi nikikisikia kicheko kile.

Wiki iliyofuata ofisi iliniita. Kwanza nilikemewa kwa kumwinua mzee. Pili nikaelezwa kwamba ripoti inasema mteja amepotewa na tarehe, na pengine afikiriwe kuhamishiwa kwenye nyumba ya wazee. Niliomba karatasi, nikaandika kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba bibi huyu anaijua tarehe kuliko mimi na zimamoto wote. Bibi naye aliwapigia simu, akawafokea nusu saa, akasema asiletewe mtu mwingine. Basi nikaendelea.

Ilipofika Oktoba binti yangu aliugua tumbo. Lilikuwa jambo la kila mwaka, maduka yanapoanza kupanga mlangoni maboga ya sikukuu yao ya mizimu. Mwaka wa kwanza wa Kanada nilimpeleka kliniki, wakampima damu na mkojo, hawakuona kitu. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka huo wa tatu nilikuwa nimechoka, nikamwambia tumbo lake ni la uvivu, akafunga mkoba akaenda shule akiwa amejikunja. Alikuwa na miaka kumi. Kiswahili alikielewa chote lakini alinijibu kwa Kiingereza, na hata hicho alikitumia kidogo. Nilimhadithia bibi kwa kumcheka. Bibi hakucheka. Aliniuliza kama ni siku ile ile kila mwaka. Nikamwambia mimi nina kazi, siandiki maradhi kwenye kalenda.

Januari, siku moja ya baridi ya kukata masikio, nilimkuta bibi kwenye kiti chake, lakini meza tupu. Amefunga tena. Daktari alikuwa amemkataza kufunga, kwa hiyo vidonge alivimeza na funda moja la maji akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeviandika. Nikamuuliza leo kimeungua nini.

"Hakuna kilichoungua," alisema. "Leo ni siku ya kumi ya mwezi wetu wa Tevet. Leo majeshi yalizunguka mji wa Hekalu tu. Ukuta ulikuwa bado umesimama. Watu walikuwa bado wana mkate."

Sikuelewa. Nani anaombolezea siku ambayo hakuna aliyekufa? Akaniambia ndiyo maana wanaiadhimisha, kwa sababu ndipo ilipoanza, na mtu aliyekuwa na macho angeweza kuona. Nikakumbuka. Kwetu ilianza mwenye duka alipoacha kumwitikia mama salamu. Mama alinieleza hilo kwenye barua, na mimi nilimjibu kwamba pengine mzee wa watu amekuwa kiziwi.

Kisha bibi akasimama, akafungua kabati, akatoa glasi mbili ndogo zenye nta. Ni mishumaa ya wafu wao. Huwashwa siku ya mwaka wa marehemu na kuwaka mchana kutwa na usiku kucha. Alikuja Kanada akiwa bibi harusi miaka miwili kabla ya vita vikuu vya pili, akafanya kazi ya kushona makoti huko mtaa wa Spadina, na mama yake na wadogo zake wawili wa kike walibaki Polandi. Barua ya mwisho ilifika majira ya kuchipua, vita vikiwa vimeanza. Baada ya hapo hakuna mtu aliyemwambia lolote, wala mahali wala siku. Zaidi ya miaka hamsini.

"Walikuwepo wengi kama mimi," alisema. "Kwa hiyo tulipewa siku ya leo. Ni siku ya wasio na siku."

Nilimtazama mdomo wazi. Miaka minne nilikuwa nikisubiri tarehe iniangukie kutoka mbinguni ndipo nimlilie mama yangu, na watu hawa walikuwa wamekaa kikao wakatoa siku, wakampa kila mwenye kuhitaji. Akanipa glasi moja. Aliniambia nirudi nyumbani mapema, yeye atakula supu yake jua likizama, hatakufa.

Nilifika Mount Dennis saa tisa alasiri. Nikasogeza meza, nikatandika kanga chini kwa sababu mkeka sikuwa nao, nikawasha ile glasi, nikaiweka kwenye sahani. Nikavua viatu, nikakaa. Mwanzoni niliona upuuzi. Nilisikia mashine ya kufulia ya mwenye nyumba ikizunguka ukutani. Nikamwita mama yangu kwa jina lake, kwa sauti, mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, na hapo nililia mpaka kamasi.

Hivyo ndivyo binti yangu alivyonikuta. Alisimama mlangoni na theluji mabegani. Mapazia yamefungwa, mama yake yuko sakafuni, uso umevimba. Uso wake ulipauka. Akauliza kwa Kiingereza kama nimeanguka.

"Sijaanguka," nilisema. "Nimekaa. Ninamlilia nyanya yako. Kwa kuwa siku yake hatuijui, nimemchukulia ya leo."

Hakusogea. Theluji iliyeyuka ikamdondokea kwenye viatu. Halafu akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili kile kile cha mtoto wa miaka sita alichokiacha njiani:

"Mimi naijua."

Nilidhani hajanielewa. Alipita, akapiga magoti kando ya kitanda chake, chini ya cheti changu, akavuta mkoba wa zamani wa shule ambao nilidhani tuliutupa kambini. Akatoa daftari. Kurasa zake zilikuwa zimeingia maji zikakauka. Akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Juu palikuwa na tarehe ya Oktoba aliyoinakili kutoka ubaoni, herufi kubwa za kuyumbayumba, chini yake hesabu tatu za kujumlisha zilizosahihishwa kwa wino mwekundu. Baada ya hapo karatasi tupu.

"Hii ndiyo siku shule ilifungwa," alisema. Akanionyesha vidole vitatu. "Nyanya ni siku ya tatu."

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia alikuwepo. Nyanya alimfunika kwa majani makavu nyuma ya zizi la mbuzi, akamwambia ahesabu polepole mpaka mia, akifika mia atakuja kumtoa. Akahesabu. Alisikia watu, alisikia nyanya akiwataja kwa majina na kuwauliza habari za wake zao, halafu akaacha kumsikia. Akafika mia. Zaidi ya mia hakuwa amejifunza kuhesabu bado, kwa hiyo alianza tena kwenye moja. Alirudia mpaka giza, na asubuhi akarudia, mpaka alipojua mwenyewe kwamba hakuna anayekuja.

Alikuwa akisimulia bila kulia, macho kwenye daftari. Niliona maboga mlangoni mwa maduka. Niliona Oktoba tatu za Kanada, mtoto amejikunja, na mimi nimesimama juu yake na kijiko cha dawa. Hakuugua mtoto wangu. Alikuwa akishika siku, peke yake, kwa kitu pekee alichokuwa nacho, na mimi nilimwita mvivu nikamsukuma kwenye basi la shule.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza, swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Ulisema tusiyaseme."

Nikanyoosha mkono. Akavua viatu, akaja akakaa kwenye kanga, na nikamwomba anisimulie tena tangu mwanzo, polepole, bila kuruka kitu. Akanisimulia. Safari hii sikumkatiza.

Kesho yake nilimweleza bibi. Nilitarajia anionee huruma. Aliweka kikombe chini, akafunika mdomo kwa kiganja, na nikaona kwenye uso wake furaha na wivu pamoja, jambo ambalo sijaliona tena kwa mtu mwingine.

"Una siku," alisema. "Ee Mungu. Wewe una siku."

Oktoba iliyofuata tulihesabu siku tatu kutoka kwenye daftari, tukaitafuta kwenye kalenda ya mwaka ule. Sikumpeleka binti yangu shule na mimi sikwenda kazini. Shemasi nilimwalika, akasema ana shughuli. Lakini walikuja wanawake wawili wa benchi letu, mmoja wao ni wa ule upande wa pili, akaleta uji kwenye chupa ya chai, akakaa chini bila kuuliza mahali pa kukaa. Bibi alituma mshumaa.

Ningependa kukuambia kwamba tumbo halikumuuma. Lilimuuma vilevile. Alilala kwenye kanga amejikunja, kichwa mapajani mwangu, nami niliweka kiganja changu juu ya tumbo lile tangu asubuhi mpaka jua likazama, na aliponong'ona namba nilihesabu pamoja naye, tukaipita mia.